Siku Dereva Alipoongea

Mtaa mzima ulimwita Dereva. Mumewe naye alimwita Dereva, na akiulizwa jina lake kwenye dirisha la hospitali ilimbidi afikiri kidogo kabla ya kulitaja. Alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, mzito wa maneno, na kazi yake ilikuwa kuendesha pikapu ya kijivu iliyofungwa vipaza sauti viwili juu ya paa, kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma. Aliiendesha kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani bila haraka. Kando yake aliketi mumewe, maiki mkononi, akitangaza. Huyo watu walimwita Spika, na sidhani kama kuna jina la utani lililowahi kumkaa mtu vizuri zaidi.

Asiyejua atauliza kuendesha polepole ni kazi gani. Ajaribu basi. Gari likienda polepole linachemka, linashtukashtuka, na likiamua kuzima litazima pale pale tangazo linapofika kwenye bei. Dereva alilijua gari lake na aliijua mitaa. Kwenye ukuta mrefu wa ghala maneno hugonga na kurudi, kwa hiyo alikuwa akitoa mguu kidogo kwenye pedali ya mafuta mpaka mwangwi uishe, ndipo Spika aanze sentensi nyingine. Alijua kona ambayo upepo hulichukua tangazo lote na kulipeleka uwanjani likasikiwe na nyasi. Mbele ya zahanati aliongeza mwendo. Hayo yote hakuna aliyeyaona. Watu walisikia maneno matamu, wakamsifu mwenye mdomo.

Na mdomo ulikuwepo, tusimnyime mtu haki yake. Spika aliweza kutangaza magodoro yaliyopunguzwa bei mpaka aliyenunua godoro juzi akaona la kwake limeanza kumuumiza mgongo. Mbuzi wa watu akipotea, alisema, "Ametoweka mbuzi dume, mweupe, ana ndevu kumshinda mwenyekiti wetu wa mtaa. Tafadhali msiwachanganye." Kila tangazo alilifungua kwa maneno yale yale, "Sikilizeni, msije mkasema hamkuambiwa," na watoto vichochoroni walimalizia kabla yake. Lakini mtu akiumwa, mzaha ulikoma. Spika alishusha sauti, akaanza, "Ndugu zangu, leo sina mzaha," na kila aliyesikia alijua kuna mwenzao yuko kitandani na familia yake imekwama. Matangazo ya namna hiyo hakuyatoza hata senti. Alisema mgonjwa tayari ana mambo ya kutosha ya kulipia.

Kwa kuwa mmoja mdomo wake ulikuwa kazini na mwingine hakupenda kuutumia wake, walijitengenezea lugha ya kugonga. Spika aligonga dashibodi kwa kifundo cha kidole. Mara moja: polepole. Mara mbili: simama. Mara tatu za harakaharaka: haya, twende. Ikawa mazoea hata nyumbani. Dereva akimimina chai, Spika aligonga meza mara mbili, na kikombe kikabaki na nafasi ya maziwa.

Basi sauti ikaanza kukwaruza. Spika akalaumu vumbi, kisha maji baridi, kisha tangazo la mabati lililomlazimu kupiga kelele kutwa nzima. Akanywa tangawizi na asali kwa bidii ya mtu anayejaza tangi. Dereva aliona asali inakwisha na sauti inakwisha, akanyamaza kama kawaida yake, mpaka asubuhi moja alipowasha gari na badala ya kuelekea sokoni akashika barabara ya hospitali. Spika aligonga "simama" njia nzima. Mkewe alikuwa kiziwi siku hiyo.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani na mikono ya baridi. Baada ya vipimo, na baada ya kuwarudisha kwa vipimo vingine, aliwakalisha akawaambia bila kuzungusha. Ilikuwa saratani ya koo. Haikuwa imeenea. Tiba yake ni mionzi, kila siku kwa wiki kadhaa, katika hospitali kubwa ya mji mwingine, na akitibiwa mapema kuna matumaini mazuri.

"Na kuanzia sasa, mzee, kuongea basi," alisema. "Hata kunong'ona. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi."

Spika akafungua mdomo kuuliza kwa nini. Dereva akamziba kwa kiganja.

"Mama umeelewa haraka," daktari akasema, akacheka. Kisha akawa makini tena. Kulikuwa na nafasi moja ya mionzi inayofunguliwa Jumatatu, na angewashikia. Lakini sehemu ya kwanza ya gharama ilipwe siku hiyo hiyo asubuhi, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata, na foleni ni ya miezi. "Huo uvimbe hautakaa kusubiri foleni," alimaliza, na hapo hakuna aliyecheka.

Walikutana sebuleni watu wanne. Dereva na mumewe kwenye kochi. Binti yao wa pekee, ambaye alikuwa na kachumba karibu na saluni anakokata na kuunganisha video za arusi. Na shemeji, mdogo wake Spika, seremala, aliyekuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akiba ilikuwa imeliwa na vipimo. Seremala alikuwa ameuza mbao zake nzuri. Binti aliahidi malipo ya arusi ya Jumamosi, ambayo ilikuwa bado haijafungwa. Pikapu ingeuzwa, sawa, lakini kwa umri wake bei yake isingetosha hata nusu, na mgonjwa akirudi angerudi kwenye nini?

"Hakuna njia nyingine," akasema seremala. "Tuwaombe watu."

Wote wakamgeukia Spika, kwa mazoea tu, maana katika mtaa ule mwenye kuomba alikuwa yeye. Spika akagonga meza mara mbili. Wakacheka hadi binti akajifuta machozi, na machozi yale yalikuwa ya aina mbili. Kisha seremala akamgeukia Dereva.

"Shemeji, gari ni lako. Maiki hiyo hapo."

Dereva akavitazama vikombe. Afadhali angeambiwa alipeleke gari hospitali kwa kurudi nyuma. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, na tangu alipokuwa msichana aliificha. Shuleni mwalimu wa kwaya alimwambia asimame safu ya nyuma, achezeshe midomo tu, wenzake waimbe. Darasa zima lilivunjika mbavu. Akachezesha midomo mwaka mzima, na baada ya hapo akaona hata kuichezesha hakuna haja. Alipoolewa na mwanamume anayeongea kwa niaba ya mji mzima, aliona amepata pa kupumzikia.

"Sauti yangu haifai," akasema.

"Ya baba ipo," akasema binti, akakaa wima. "Si tuna rekodi zake zote? Nitazikata, niziunganishe. Aombe mwenyewe."

Spika alivyoufurahia mpango huo, usingedhani ni mgonjwa. Alikuwa mtu wa kuipenda sauti yake, na sasa alikuwa anaikosa kama mtu anavyomkosa rafiki. Binti alishinda kachumbani Ijumaa asubuhi. Kipande hiki alikitoa kwenye tangazo la mtoto aliyepasuliwa moyo, kile kwenye tangazo la bibi aliyevunjika nyonga, na pahali pa kupeleka mchango akapapata kwenye tangazo la zamani la mnada. Aliporudi akawasikilizisha. Ilitoka safi, utadhani imesemwa kwa pumzi moja:

"Ndugu zangu, leo sina mzaha. Kuna mwenzetu ni mgonjwa. Anahitaji matibabu makubwa, na familia yake peke yake haitaweza. Mwenye chochote, kikubwa au kidogo, akifikishe nyumbani kwa Spika."

Spika akapiga makofi. Seremala akasema hapo hata jiwe litatoa. Dereva alisikiliza na kuna kitu kikamkereketa, kama mlango wa gari ambao haujafunga vizuri. Akafungua mdomo. Akawaona walivyofurahi. Akaufunga.

Waliondoka mchana, jua likiwa limelegea, saa ambayo watu wengi wako nje. Rekodi ilianza kwenye kona ya kwanza, sauti ile iliyotoweka mitaani kwa wiki nyingi, nyembamba, ya juu, yenye mbwembwe zake. Athari yake ilikuwa kubwa kuliko walivyotegemea. Madirisha yalifunguka. Fundi baiskeli akaanza kupiga kengele zote za baiskeli zilizokuwa kibandani mwake. Muuza nyanya alikimbia na aproni yake, akamtupia Spika nyanya mbili nzuri dirishani, akilia. Watoto walifuata gari wakiimba, "Msije mkasema hamkuambiwa!" ingawa leo hayo hayakusemwa. Spika aliwapungia mkono kama baba wa bwana arusi. Mara mbili alisahau kabisa kwamba ni mgonjwa, na mara mbili Dereva alilazimika kumvuta kola asitoke dirishani mzima mzima.

Walipofika nyumbani uani palikuwa pamejaa. Watu walimkumbatia Spika, wakamshika shavu, wakamwambia amenenepa, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwa kelele zao hawakuona kwamba hajibu neno. Dereva akachemsha chai. Ikaisha, akachemsha nyingine, nayo ikaisha na sukari ikaondoka nayo. Jamaa mmoja alikuja na tangazo la kuku wake waliopotea, akaomba liingie kesho mapema. Wote walikuwa na furaha ya kweli, na wote walikuja mikono mitupu. Dereva alisimama mlangoni na birika tupu, akisubiri wa kwanza aseme neno kuhusu mchango.

Aliyelisema alikuwa Mama Mkaa. Huyu alikuwa muuza mkaa wa sokoni, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, ambaye tangu habari ya ugonjwa ivuje alikuwa akipita meza kwa meza akiwakusanyia, bila kuagizwa na mtu. Aliingia uani akicheka meno yote.

"Spika! Nimekusikia nikaangusha kopo," akasema. "Nikasema Mungu mkubwa, mwenyewe amepona, tena ameanza kuwaombea wengine. Hela zote nimeshawarudishia wenyewe. Meza kwa meza, mpaka ya mwisho. Sasa niambie, nani huyo mgonjwa wa safari hii?"

Binti alimtazama mama yake. Dereva akahisi birika limekuwa zito.

"Ni baba," akasema binti.

"Baba yako yupi? Huyu? Si nimemsikia kwa masikio yangu?"

Spika, masikini, akafungua mdomo kueleza, na kilichotoka kilikuwa upepo. Mama Mkaa akaitazama midomo ile inayojitahidi, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliyeleta tangazo la kuku akalikunja taratibu akalirudisha mfukoni.

Ndivyo kosa lilivyokuwa. Watu wanne waliisikiliza rekodi ile, na kwa kuwa wote wanne walimjua mgonjwa ni nani, hakuna aliyesikia kwamba tangazo halikumtaja. Kwa mtu wa mtaani, Spika akisema kuna mwenzetu anaumwa, maana yake Spika mwenyewe ni mzima wa afya. Wale waliokuwa uani walielewa sasa, wakaomba radhi, wakajipekua mifukoni. Lakini mamia walikuwa wamesikia, wakafurahi, na wakaenda zao wakieneza habari kwamba Spika amepona. Jumatatu ilikuwa pale pale ilipokuwa.

"Wamesikia kwenye kipaza sauti kwamba amepona," akasema Mama Mkaa, akiinuka na kukung'uta gauni. "Mimi nikipita kuwaambia hajapona, wataniambia nimekuwa mchawi. Itabidi wasikie huko huko."

Binti alikuwa na kazi ya arusi Jumamosi, na ile hela ilihitajika. Seremala alisema atatangaza yeye, akajaribiwa pale uani, akaishika maiki kama nyundo akaipigia kelele mpaka kipaza kikalia mluzi na mbwa wa jirani akaruka ukuta. Wakamshukuru.

"Nitaongea mimi," akasema Dereva.

Hakuna aliyeuliza mara mbili, kwa kuogopa asije akaghairi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuona hana pa kukimbilia. Kile kilichomkereketa aliposikiliza rekodi alikijua sasa, na lile neno alilolimeza lilikuwa limewarudishia watu wote wa soko hela zao. Aliona aibu, na aliogopa. Alimwogopa yule mwalimu wa kwaya, ambaye pengine alikuwa amekwisha kustaafu na kusahau kila kitu.

Jumamosi asubuhi alisimamisha gari kwenye kona ya kwanza, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Akachukua maiki, akaiwasha. Watu wakageuka. Walimtazama yeye, si Spika, na miaka yote hiyo hakuwahi kutazamwa kwenye kiti kile. Kipaza sauti kikatangaza pumzi yake mtaa mzima, ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka. Fundi baiskeli akashusha spana. Hakuna neno lililotoka.

Dashibodi ikagongwa mara tatu, harakaharaka.

Mguu wa Dereva ulitii kabla ya kichwa. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, gari likaanza kutambaa. Spika akaichukua maiki mkononi mwake taratibu, akaisogeza karibu na mdomo wa mkewe, akaishikilia hapo. Sasa Dereva alikuwa na usukani mikononi na barabara mbele ya macho, na barabara hakuwahi kuionea haya.

"Mimi ni Dereva," akaiambia barabara.

Sauti ikatoka juu ya paa nzito, ya chini, na haikuwa na haraka yoyote. Yeye mwenyewe alishtuka. Ya Spika ilikuwa ikiruka na kuchangamsha. Hii ilitandaa chini chini, ikaingia milangoni, ikawafikia hata waliokuwa jikoni na maji yakichuruzika. Akaanza sentensi ya pili, haraka mno, na Spika akagonga mara moja. Akapunguza mwendo, wa gari na wa maneno.

"Jana mlisikia sauti ya mume wangu. Ile ni ya zamani, tuliihifadhi. Ya sasa hana. Ana saratani ya koo. Hajapona."

Walikuwa wamefika kwenye ukuta wa ghala, kando ya soko. Dereva akatoa mguu, akasubiri. "Hajapona," ukuta ukajibu, na neno likafa taratibu.

"Mgonjwa ninayemwombea ni huyu hapa kando yangu. Jumatatu anatakiwa aanze tiba. Ana nafasi nzuri ya kupona, daktari kasema. Sisi wenyewe tumefika mwisho wetu. Tunaomba mtusaidie." Hapo ndipo alipopaswa kumalizia, lakini akakumbuka kitu, akakisema kama kilivyokuja. "Na wale waliorudishiwa hela zao na Mama Mkaa, tafadhali mmrudishie tena. Samahani kwa usumbufu."

Soko likaangua kicheko. Dereva akakaza mikono kwenye usukani. Kwa muda alikuwa tena kwenye safu ya nyuma. Halafu akamtazama mumewe. Spika alikuwa anacheka bila sauti, mabega yote yanacheza, maiki inatetemeka mkononi, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nje, muuza nyanya alikuwa anacheka na kufungua pochi kwa wakati mmoja.

"Kumbe Dereva anaongea," akasema.

"Tena anaongea kuliko wewe," akajibu mwenzake. "Toa hiyo hela."

Alilirudia tangazo lile siku nzima, mtaa kwa mtaa, na kila alipolirudia woga ulimpungua. Watu walikuja uani mpaka jioni, na Jumapili wakaja tena. Alikuja mwenye mbuzi, na mbuzi mwenyewe akamfuata nyuma. Alikuja mwenye duka la magodoro. Alikuja mzee mmoja wa nyumba ya ghorofa ambaye kwa miaka mingi aliwatupia maneno makali dirishani kwa sababu ya kelele, akatoa alichotoa, akasema, "Nataka nisikie kelele zenu tena. Ila siyo kabla sijanywa chai." Alikuja mama ambaye mtoto wake alipotea sokoni zamani na akapatikana kwa tangazo. Yeye hakuwa na hela, lakini alikuwa na dada anayeishi jirani na ile hospitali kubwa, mwenye chumba cha nje na kitanda, na dada alikuwa amekwisha kukubali. Dereva alikuwa hajafikiria hata watalala wapi. Alimshika yule mama mkono, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Mama Mkaa aliketi mlangoni na beseni lenye kifuniko. Hakuandika chochote. Alisema anayetaka ijulikane ametoa kiasi gani, maiki ile pale, akajitangaze. Jumapili jua lilipokuwa linashuka alifunua beseni, akachungulia, akafunika.

"Inatosha ya kuanzia, na ya kumalizia inakuja," akasema. "Jamani, nendeni nyumbani. Watu hawa wana safari."

Hospitali ile kubwa ilikuwa na korido ndefu zenye harufu ya dawa ya kusafishia, na mlango mnene ambao Dereva hakuruhusiwa kuuvuka. Huko ndani walimlaza Spika juu ya meza, wakamfunika uso na mabega kwa kinyago chenye matundu kilichofinyangwa kwa sura yake mwenyewe, wakakibana mezani ili asitikisike. Kisha wakatoka wakamwacha na mashine. Siku ya kwanza haikupita dakika, mtaalamu wa mionzi akatoka na uso wa wasiwasi.

"Mama, mzee anagonga meza. Tumesimamisha mashine. Sijui ana maumivu?"

"Anagonga vipi?"

"Mara tatu. Haraka haraka."

Dereva akatabasamu mpaka pengo la nyuma likaonekana. "Anasema haya, twende," akasema. "Endeleeni."

Wakaendelea, wiki baada ya wiki. Zilikuwepo siku ngumu, ambazo Spika hakuweza kumeza hata maji na shingo yake ilikuwa nyekundu kama imeungua jua, na alikaa kwenye kile chumba cha nje amenuna, hagongi kitu. Dereva alimpaka mafuta aliyopewa, akaongea. Ndiyo, aliongea yeye. Kulikuwa na ukimya mwingi chumbani na lazima mtu aujaze, basi akamweleza mambo ya tangu ujana, hata ya yule mwalimu wa kwaya, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Spika akasikiliza yote. Kisha akagonga ukingo wa kitanda mara mbili, akajinyoosha, akamtolea ulimi yule mwalimu, kwa heshima zote.

Walirudi nyumbani mwishoni mwa msimu wa mvua. Daktari mwenye miwani alimchunguza kooni kwa taa yake ndogo, akatazama tena, akasema uvimbe hauonekani, na kwamba aje kila baada ya miezi kadhaa bila kukosa. Sauti ilirudi, lakini si ile. Ilikuwa ya kukwaruza, kama ufagio kwenye saruji. Ya kuombea chumvi mezani ilitosha, na ya kumtania mkewe ilitosha kabisa. Ya kazi haikutosha.

"Basi maiki ni yako," akamwambia Dereva. "Nipishe huko."

Dereva alifikiri anatania. Lakini Spika alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa usukani, akangoja. Alikuwa na leseni aliyoipata ujanani na kuitumia mara mbili, mara ya pili kwenye mtaro. Alifundishwa upya uwanjani, asubuhi, mbele ya watoto waliokuja na viti. Alizima gari. Aliliwasha akalizima tena. Aliirusha pikapu kama chura, huku mkewe akishikilia mlango na kujiuliza kama kweli saratani ndiyo ilikuwa hatari kubwa. Hatimaye likatambaa.

Tangazo lao la kwanza wakiwa hivyo halikuwa la magodoro. Mke wa fundi baiskeli alikuwa amelazwa, figo, na fundi alikuwa amekuja uani akazungushazungusha kofia mikononi asijue aanzie wapi. Dereva alimwambia akae, anywe chai, asijali, tangazo la mgonjwa halilipiwi.

Sasa alikuwa kwenye kiti cha abiria, maiki mkononi mwake mwenyewe. Watu waliisikia pikapu ikija, wakatoka milangoni.

"Ndugu zangu," akasema, na ile sauti nzito ikatandaa mtaani. "Leo sina mzaha. Mke wa fundi wetu wa baiskeli ni mgonjwa." Alimtaja mgonjwa mapema, waziwazi, asije mtu akasherehekea tena.

Gari likachomoka mbele. Dereva, bila kugeuza kichwa, akagonga dashibodi mara moja. Spika akapunguza mwendo. Wakaufikia ukuta wa ghala, na Dereva alikuwa ameanza kunyanyua mkono agonge tena, alipohisi gari linalegea lenyewe. Spika alikuwa ametoa mguu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, anausikiliza mwangwi ukirudi na kufifia, anasubiri uishe. Hilo Dereva hakumfundisha pale uwanjani, hakukumbuka hata kulitaja. Spika alikuwa ameliona mwenyewe, miaka yote ile, huku anaongea.

Mwangwi ulipokwisha, Dereva alianza sentensi nyingine.